Ukurasa wa Kushoto

Sorbeni, 6 Oktoba 1985

Shangazi Otilia mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umeanza kupoa, na kwamba Mama anakuletea supu kama alivyoahidi, ingawa najua huko mjini Cluj mafuta ya kupikia ni mpaka upange foleni. Huku wote wazima, isipokuwa Mzee Toader, ambaye hashuki tena kitandani. Mkwewe, Dada Paraschiva, anakusalimu sana. Anasema ile ngazi iliyokuangusha ameshaikata kuni, isije ikamvunja mtafiti mwingine wa mila.

Huyo mtafiti mwingine ndiye mimi, na bado naona haya hata kuliandika neno hilo. Juni nilikuwa bado nakaa dawati la nyuma nikimwomba Mungu mwalimu asinitaje. Sasa umeniacha peke yangu kijijini na daftari, ukaniambia kazi yangu ni kutazama tu. Kutazama naweza, Shangazi. Kinachonishinda ni kutazamwa nikitazama.

Siku ya kwanza nilitoa daftari pale kituo cha maziwa. Wanawake wote wakanyamaza, kila mmoja akiangalia ndoo yake. Halafu Nastasia, yule mwenye jino la dhahabu, akasema, "Andika, mwanangu, andika. Maziwa ni meupe." Walicheka mpaka nikarudi nyumbani bila kuaga. Mezani Kaka Gavril, mume wa Dada Paraschiva, naye hakuniacha: "Usisahau kuandika kwamba ng'ombe wa Gavril amekunya mara mbili leo. Wakubwa wanapenda takwimu."

Tangu hapo nafuata ulivyonifundisha. Nikiwa na watu naandika neno moja moja kwenye kikaratasi mfukoni, kisha kabla ya chakula cha jioni nakaa kando ya jiko na kuandika yote kwa urefu. Ukurasa wa kushoto niliyoyaona na kuyasikia, ukurasa wa kulia ninayoyadhani. Majina nabadilisha yote. Nakutumia kurasa za kwanza unisahihishe.

Mpwa wako,
Smaranda


Cluj, 18 Oktoba 1985

Smaranda mwanangu,

Marahaba. Mguu unaniwasha ndani ya plasta nami najikuna kwa sindano ya kufumia. Baba yako alikuja kunijulia hali, akala chakula changu chote, akasema naendelea vizuri.

Kurasa zako nimezisoma mara nyingi. Una jicho, mtoto. Aibu yako ni mtaji: watu husahau kwamba umo chumbani. Lakini sikiliza. Kwenye ukurasa wa kushoto umeandika, "Mzee anaogopa kufa." Umeiona hofu hiyo? Ina rangi gani? Kama alishika shuka kwa vidole vyote, andika kwamba alishika shuka. "Anaogopa" ihamie kulia. Kuna watafiti wazee ofisini kwetu ambao bado wanachanganya kurasa hizo mbili, na vitabu vyao havifai hata kuwashia jiko.

Mzee akitutoka, lia kidogo kisha tazama. Nataka matanga yote: nani alileta nini, nani alikaa karibu na nani, kililiwa nini. Chakula hasa. Wenzangu wanakidharau, kumbe habari yote ya matanga imo mezani. Usingoje kurudi, nitumie kwa posta haraka.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako,
Otilia


Sorbeni, 2 Novemba 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mzee Toader alifariki Jumapili asubuhi, tulipokuwa tukivaa kwenda kanisani. Dada Paraschiva alifunika kioo kwa kitambaa kabla hata hajalia. Kaka Gavril hajanyoa ndevu wala kuvaa kofia tangu siku ile, na baridi ya huku unaijua. Mimi nililia kidogo, kisha nikatazama kama ulivyosema. Nadhani hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Nimeinakili hapa kutoka ukurasa wa kushoto:

"Nyumba ya Petre. Wanawake wa ukoo wamefungua nywele. Mkwe anamwimbia marehemu akimwuliza kwa nini amechagua kuondoka kabla ya pombe ya plamu kuiva. Wawili wanacheka huku wakilia. Kaburini, kuku hai anapitishwa juu ya shimo na kukabidhiwa mchimba kaburi upande wa pili; kuku anamnyea mkononi, hakuna anayecheka. Mezani: ngano tamu ya marehemu, mishumaa imechomekwa katikati. Mikate ya kusokotwa. Supu ya nyama ya ndama. Vifurushi vya kabichi vyenye nyama ya ndama na mchele. Ugali. Mwenye nyumba hakai. Anazunguka akijaza sahani. Jirani: 'Petre, umetulisha kama enzi za babu.' Mwenye nyumba: 'Kula, unyamaze.'"

Unaona, Shangazi? "Kula, unyamaze." Niliipenda sana hiyo. Petre ni Kaka Gavril, bila shaka, lakini nani atajua?

Nasubiri masahihisho yako kwa hamu.

Smaranda


Cluj, 27 Novemba 1985

Smaranda,

Barua yako ya tarehe 2 imenifikia juzi. Bahasha ilikuwa ngumu kwa gundi nyingi.

Mama yako mzima. Theluji imeanza.

Umekosea jambo moja. Nyama ile ilikuwa ya kondoo. Wewe ni mtoto wa ghorofani, nyama hujaizoea, na kondoo mchanga huwadanganya wengi. Sahihisha kwenye daftari lako, kisha niandikie kwamba umesahihisha. Habari za chakula zinatosha sasa. Niandikie habari za hali ya hewa.

Mguu umepona. Hata hivyo mkurugenzi ameniambia nipumzike nyumbani mpaka atakaponiita.

Otilia


Sorbeni, 5 Desemba 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni arobaini ya Mzee Toader. Kwa kuwa ni mwezi wa mfungo, Dada Paraschiva anapika maharage na ngano tu, na nyumba imejaa mvuke.

Barua yako imenihuzunisha. Ni wewe uliyeniambia niandike nilichokiona, nisichezee hata nukta. Sasa unaniambia niandike kondoo. Kila mtu mezani alisema ndama. Kama kuna sababu ya

Naendelea siku ya pili yake. Jana sikuweza kumaliza sentensi ile.

Polisi walikuja wakati padri bado anasoma sala. Walisimama mlangoni kwa adabu, kofia mkononi, mpaka alipomaliza. Kisha wakamwambia Kaka Gavril aje nao kidogo. Amerudi leo mchana. Hajapigwa. Alikaa kwenye benchi na viatu vya theluji, na Dada Paraschiva hakumwambia avue.

"Wanauliza habari za ndama," akasema.

"Si ulishawaandikia kwamba aliangukia korongoni?"

"Ndivyo nilivyowaambia tena. Wakaniuliza, korongo hilo lina supu?"

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Wanasema imeandikwa."

Hawakunitazama, Shangazi. Walikuwa wanatazama jiko. Nilitoka nikaenda kusimama zizini kando ya ng'ombe. Nimeielewa barua yako sasa. Nimeelewa na gundi: bahasha ilifunguliwa njiani.

Hii siitii posta. Nampa Ilarie, dereva wa basi la Cluj, mtoto wa dada yake Paraschiva. Nimemwambia ni mambo ya wanawake, akaificha kwenye buti lake bila kuniuliza.

Nifanye nini?

Smaranda


Cluj, 12 Desemba 1985

Mwanangu,

Ilarie anasubiri ngazini, kwa hiyo nitasema kwa kifupi na waziwazi.

Kila ndama nchini ameandikishwa serikalini kabla hajasimama vizuri kwa miguu yake. Mwenye kumchinja bila kibali anafungwa. Watu wa Sorbeni wanajua, na walikula wakijua, kwa sababu mzee wa miaka tisini hazikwi kwa maharage. Kila mmoja alimtegemea mwenzake anyamaze. Wewe hakuna aliyekuambia, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyejua.

Ulimwita Gavril "Petre". Lakini Sorbeni alikufa mzee mmoja tu mwezi huo, na muhuri wa posta uko juu ya bahasha. Jina la uongo halimfichi mtu kama umeandika vitu vingine vyote sawasawa. Hilo nilipaswa kukufundisha kabla ya kukufundisha kutazama. Tena ni mimi niliyesema nitumie kwa posta.

Sasa kosa lako wewe, na usilie, soma. Uliandika "nyama ya ndama" ukurasa wa kushoto. Je, ulimwona ndama? Ulimwona akichinjwa? Uliona ngozi? Uliona nyama nyeupe kwenye bakuli na ukasikia watu wakisema. Wakikuita, sema ulichokiona na usiongeze hata tone. Kisheria Gavril ana korongo lake, nao wana karatasi yako. Hawana kingine.

Usikimbie kurudi huku. Ukiondoka sasa utaonekana umekwenda kujificha.

Kuhusu mimi usiulize.

Shangazi yako


Sorbeni, 21 Desemba 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mungu akulinde. Jana kijiji kizima kilichinja nguruwe wa Krismasi, kila ua ulikuwa na moshi wa majani makavu na watoto wakipigania mkia.

Nimeitwa. Si polisi wa hapa, ni kapteni kutoka mjini. Alikaa ofisi ya ushirika nyuma ya meza ya mhasibu, akaniagizia chai. Barua yangu ya tarehe 2 ilikuwa mbele yake, imepigwa chapa upya kwa mashine, hata kuku yumo.

"Keti, mwandishi. Chai hii haina sumu."

Nilikaa. Nikaishika chai bila kuinywa.

"Hapa umeandika ndama."

"Ndiyo."

"Ulikula ndama?"

"Nilikula nyama. Ndama sikumwona."

"Basi kwa nini umeandika ndama?"

"Nilidhani. Nilipaswa kuiweka ukurasa wa kulia. Ni kosa la kazi."

"Ukurasa wa kulia?" Ikabidi nimweleze, Shangazi, kushoto na kulia, kilichoonekana na kilichodhaniwa. Alinisikiliza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipomaliza kusikiliza akacheka.

"Nina watu wazima wananiandikia miaka kumi, na hakuna hata mmoja anayejua hayo. Wananijazia dhana tupu. 'Fulani ana chuki na serikali.' Chuki nitaifanyia nini mimi? Wewe unaniambia nani alikaa karibu na nani." Akasogeza kiti. "Utaniandikia kila Alhamisi. Kama ulivyomwandikia shangazi yako, vivyo hivyo, ila majina ya kweli. Na ndama wa Gavril atabaki korongoni."

"Na nisipoandika?"

"Basi atatoka korongoni."

Nimetia sahihi karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote, na tayari nimekuambia wewe. Nimepewa mpaka baada ya sikukuu. Nikikaa mezani nawasikia wakiongea na masikio yangu yanapanga maneno yenyewe, kushoto, kulia, kushoto. Dada Paraschiva amenipa, ingawa mfungo haujaisha, kipande cha ini la nguruwe kilichokuwa bora kuliko vyote. Niliogopa kukitazama.

Hii nayo nampa Ilarie. Niambie la kufanya.

Smaranda


Cluj, 27 Desemba 1985

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako sikukuu nzima. Mama yako anadhani nina homa.

Andika. Mwandikie, lakini mwandikie upuuzi. Nani alipiga chafya, nani alivaa kilemba gani, kuku wa nani ametaga. Mchoshe. Atachoka, atakuacha, na Gavril atakuwa salama. Wengi wamefanya hivyo. Sina jibu jingine, na hili ninalokupa nimelitoa kwenye hofu, si kwenye akili.

Rudi ukiwa mzima. Kazi hii haina thamani ya ukucha wako mmoja.

Otilia


Kituo cha basi, Sorbeni juu, 9 Januari 1986

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika na glavu moja, basi bado halijafika. Jioni nitakuletea habari hizi mwenyewe, ila nimezoea kuandika kabla sijasahau.

Nilijaribu ushauri wako. Nilikaa na karatasi nikaandika kwamba Nastasia ana kilemba kipya chekundu. Kisha nikajiuliza kilemba kimetoka wapi, maana dukani havipo, na nikakumbuka kwamba ana kaka aliyetorokea Ujerumani. Nikaichoma. Nikaandika kuku wa nani ametaga. Nikakumbuka kwamba mayai nayo yanadaiwa na serikali. Hakuna upuuzi, Shangazi. Supu nayo ilikuwa upuuzi.

Niliwaambia kwanza Kaka Gavril na Dada Paraschiva, kwa kuwa kifungo ni chao. Niliwaambia barua ilikuwa yangu, na kapteni anataka nini. Nilizungumza nikitazama sakafu. Dada Paraschiva aliinuka akatoka nje bila shali, akakaa huko muda mrefu. Kaka Gavril alisugua kidevu.

"Kwa hiyo ukiwaandika wao wote, mimi nabaki nyumbani?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nibaki nyumbani na nani, mtoto? Nitakunywa na nani? Na jiko?" Halafu akasema, "Waambie."

"Nani?"

"Mbwa anayejulikana kuwa anauma haokoti mfupa mlangoni kwa watu. Waambie wote, usipate cha kumwandikia."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kituo cha maziwa. Unanijua, Shangazi. Darasani nilikuwa nikitajwa tu masikio yanawaka. Nilisimama kwenye theluji na ndoo ya Paraschiva, nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama imetoka, kwamba nimeambiwa niandike habari zao kila Alhamisi, na wasiseme kitu mbele yangu. Na kwamba habari ya ndama ilitoka kwangu.

Maziwa yalikuwa yakimiminwa kwenye pipa. Kisha Nastasia akasema, "Kumbe sisi tulikuwa tunamshuku mwanamke wa posta, tumemnunia tangu arobaini." Mwingine akasema, "Mimi nilimnyima hata chachu." Walitazamana. Kisha Nastasia akanigeukia, na hakuonyesha lile jino.

"Wewe nenda. Ondoka hapa kwenye foleni."

Nilikwenda. Tangu Jumatatu nikiingia popote watu wanakaa kimya. Dada Paraschiva ananipa chakula, anaweka bakuli, anaondoka. Haniiti tena kwa jina. Sikutegemea wanisamehe.

Jana kapteni aliniita. Hakukuwa na chai.

"Umewaambia?"

"Ndiyo."

"Nani?"

"Wote."

Akakunja ile barua iliyopigwa chapa akaiweka mfukoni mwa koti, upande wa moyo. "Basi la kesho," akasema. "Uwe ndani yake. Sitaki kukuona Sorbeni tena." Nilifurahi, Shangazi. Nakiri nilifurahi. Nilikwenda kufunga begi nikidhani yameisha, kwamba nimekuwa takataka na takataka hutupwa.

Hapa kituoni unaona bonde lote. Sasa hivi gari la kapteni limepita mbele yangu, na nyuma yake gari la polisi. Hakusimama, alipunguza tu mwendo akaangalia kama nina begi. Yanashuka polepole kwa sababu ya barafu. Yamepita kanisa. Yamepita kituo cha maziwa, na wanawake wamejibanza ukutani kuyapisha.

Yamesimama langoni kwa Gavril.

Naona Paraschiva ametoka na aproni. Naona wanawake wa maziwa wanateremka wakimfuata, ndoo mkononi, Nastasia mbele, kilemba chake chekundu kinaonekana hata kutoka huku. Wanasimama kando ya lango. Sisikii wanachosema.

Nimeelewa kwa nini alitaka niondoke leo. Kama nipo, nitasema ndama sikumwona. Kama sipo, itabaki karatasi tu mfukoni mwake, na karatasi haiwezi kusema kwamba ilidhani.

Ilarie amefika, anapiga honi, anauliza kama napanda au sipandi. Nampa barua hii, na begi nalo alichukue, ni zito, litanichelewesha kushuka kijijini.

Smaranda